Ng'ombe wa Ndugu Katika Zizi Lako

Ukisafiri kwa barabara ya Arusha kwenda Namanga utaona kundi la ng'ombe likivuka lami, vijana wawili nyuma yake na fimbo mabegani, na utadhani ng'ombe wote wale ni wa mtu mmoja. Mara nyingi sivyo. Katika zizi la Mmasai wa Longido, Monduli au Simanjiro wamo ng'ombe wa mwenye boma, lakini wamo pia wa mdogo wake anayelinda maduka Dar es Salaam, wa mpwa wake aliyeko chuoni, wa mjane wa kaka yake, na wa rafiki wa rika lake ambaye kwao mvua haikunyesha. Wanalala pamoja, wanakwenda malishoni pamoja, wanapitishwa kwenye josho moja. Mwenye boma anamjua kila mmoja na anajua ni wa nani. Watoto wake wadogo wanaochunga ndama nao wanajua.

Desturi hii ya kumwachia ndugu mifugo haizungumzwi sana. Watu wakitaja Wamasai hutaja shuka nyekundu, shanga na kuruka kwa morani, ambavyo vinaonekana kwa macho. Mimi naamini kwamba ufugaji wao umesimama juu ya jambo hili lisiloonekana: kwamba mtu anaweza kuondoka leo, akakaa mwaka au miaka mitatu, na akarudi akakuta ng'ombe wake bado ni wake. Na kinacholiwezesha ni kanuni moja iliyo ngumu kuitekeleza. Anayeachiwa mifugo hadaiwi kuirudisha yote ikiwa hai, maana hilo liko mikononi mwa Mungu. Anadaiwa kuitunza kama anavyotunza ya kwake, na kusema kweli kuhusu yaliyoipata.

Sababu za kuondoka ni nyingi. Kiangazi kikikaza, vijana husogeza ng'ombe wasiokamuliwa hadi ronjo, yaani kambi ya muda iliyo karibu na majani na maji, na wazee na akina mama hubaki bomani na ng'ombe wachache wa maziwa. Kundi linalokwenda ronjo ni la ndugu kadhaa, na aliyejaliwa vijana huwachungia wasio nao. Mwingine ameugua, amelazwa hospitali ya mbali. Mwingine ana kesi. Na tangu miaka ya 1990 imeongezeka sababu ya mjini: vijana wengi wa Kimasai wamekwenda Dar es Salaam, Zanzibar na kwingineko kufanya ulinzi, kusuka nywele na kuuza dawa za asili. Mjini hakuna pa kuweka ng'ombe. Lakini hakuna kijana anayetaka kuitwa mtu asiye na ng'ombe, hivyo wa kwake hubaki kwa kaka, kwa mjomba au kwa shemeji.

Wengine hawaondoki wao, huondoka ng'ombe. Huko Ngorongoro na nyanda zinazopakana na Serengeti, nyumbu huzaa kwa wingi kati ya Januari na Machi, Februari ikiwa ndiyo kilele. Ndama wa nyumbu hubeba virusi ambavyo havimdhuru nyumbu mwenyewe, lakini ng'ombe akivipata, karibu kila mara hufa. Majani ya nyanda hizo wakati huo ni mafupi, mabichi na matamu kuliko yote, na mfugaji inambidi awaondoe ng'ombe wake palepale malisho yanapokuwa mazuri. Awapeleke wapi? Kwa ndugu aliye juu, mlimani, ambako nyumbu hawafiki. Na yule wa mlimani, majani ya kwake yakiisha au ugonjwa wa ndigana ukizidi, naye atahitaji pa kupeleka wa kwake. Undugu wa watu hawa umefuata njia za majani na magonjwa kwa vizazi vingi, na anayewapangia mahali pa kuishi bila kulijua hilo hukata kamba ambayo hakuiona.

Wazee hawakubuni desturi hii kwa ukarimu mtupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliwafyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, na kwa Wamasai ikafuatana na ndui na njaa. Kipindi hicho wanakiita Emutai, maangamizi. Watu waliobaki walikimbilia kwa majirani wakulima, na baadhi ya waliojijenga upya walianza na mtamba wa kupewa. Dunia ilitangazwa kuwa huru na sotoka mwaka 2011, lakini ukame haujatangazwa kwisha. Ule uliofikia kilele mwaka 2009 uliwaacha wafugaji wengi wa Longido, Monduli na Ngorongoro na mizoga milangoni mwao. Mtu ambaye ng'ombe wake wote walikuwa mahali pamoja wakati ule hakuwa na pa kuanzia. Aliyekuwa na majike wawili kwa shemeji yake wilaya nyingine alikuwa napo.

Makabidhiano hayana karatasi. Hufanywa langoni mwa zizi, mbele ya watu: vijana watakaochunga, mke atakayekamua, na jirani mmoja au wawili wa kushuhudia. Mwenye ng'ombe hamkabidhi mwenzake idadi. Kutaja hesabu ya ng'ombe au ya watoto ni jambo wasilolipenda. Humkabidhi mmoja mmoja, kwa rangi, kwa umbo la pembe, kwa tabia, na kwa mama yake. Huyu mweusi mwenye doa jeupe usoni ni mtoto wa yule mwekundu aliyevunjika pembe, aliyetoka kwenye mahari ya dada. Huyu ana mimba. Huyu hupenda kupotea, msimwache nyuma. Chapa ya moto na mipasuko ya masikio vipo, lakini hivyo hutambulisha ukoo, na ndugu wa baba mmoja wana chapa moja. Baina ya kaka na mdogo wake chapa haisaidii kitu. Kinachosaidia ni nasaba ya ng'ombe, na nasaba hiyo imo vichwani mwa watu wengi kwa makusudi, ili mmoja akifa au akidanganya, wengine wapo.

Ndiyo maana kila jioni mwenye boma husimama langoni ng'ombe wanapoingia. Haoni kundi, anaona ng'ombe. Akikosekana mmoja hamfahamu kwa kuhesabu. Anafahamu kwamba yule wa kijivu wa mdogo wake hajapita. Kijana atarudishwa porini usiku huohuo kumtafuta, bila kujali kama ni wa boma au wa mgeni.

Maziwa ndiyo ujira. Anayefugiwa haulizi maziwa yamekwenda wapi, nayo ni ya mke wa mfugaji, kwa watoto wake na kwa wageni wake. Samadi hukandikwa kwenye kuta za nyumba. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, na ndama wa ndama ni wake pia. Hapo ndipo penye mtihani wote, kwa sababu maziwa ya leo na ndama wa kesho hutoka kwenye kiwele kimoja.

Nimewahi kumtazama mama mmoja wa Longido akikamua jioni. Alianza kwa kumfungulia ndama. Ndama akakimbia moja kwa moja kwa mama yake, akagonga kiwele kwa pua mara kadhaa mpaka maziwa yakashuka. Ndipo yule mama akainama ubavuni na kibuyu chake, kilichosuguliwa ndani kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini, hata kikanukia moshi. Akakamua chuchu mbili za upande wake. Mbili za upande wa pili zilikuwa za ndama, naye alinyonya wakati uleule, mkia ukichezacheza. Kibuyu hakikuwa kimefika nusu alipoacha. Nilimuuliza mbona ameacha na maziwa bado yanatoka. Akasema ng'ombe huyu ni wa shemeji, mdogo wa mume wake, yuko Dar es Salaam, na huyu ndama ni jike. Alipoona sijaelewa akaongeza: "Shemeji akirudi hatamwangalia mama. Atamwangalia ndama."

Niliwauliza wengine baadaye, na wote walikubali. Mwenye mali akirejea husalimu wazee, hunywa chai, huuliza habari za watoto na za mvua. Kisha huenda zizini bila haraka na kuwatazama ndama. Ndama wa ng'ombe wake akiwa na manyoya yaliyosimama, tumbo kubwa na makalio yaliyokauka, wakati ndama wa mwenye boma wanang'aa, hahitaji kuambiwa neno. Amejua nani alikunywa maziwa ya nani. Wala hatapiga kelele. Baada ya muda atasema amepata malisho mahali pengine, atawachukua ng'ombe wake, na boma zima litafahamu sababu.

Simu imeyarahisisha mengi. Zamani habari ilisafiri kwa mdomo wa mpita njia, ikafika imechelewa au imepinda. Sasa ng'ombe akizaa alfajiri, aliyeko mjini anajua kabla ya saa nne. Nilisikia mazungumzo ya namna hiyo, mafupi kweli.

"Shemeji, yule mweusi wako kazaa."

"Salama?"

"Salama. Jike. Limefanana na bibi yake."

"Ashe oleng, shemeji. Watoto wanywe."

Hayo ya mwisho ndiyo ruhusa na shukrani kwa pamoja. Ng'ombe akifa, habari ni hiyohiyo ya haraka, na hapa ndipo uaminifu hupimwa. Jamii nyingi za wafugaji wa Afrika Mashariki zilitaka ngozi iwekwe, ili mwenye ng'ombe aione rangi na chapa; siku hizi hupigwa picha, mzoga ukiwa bado haujachunwa, na picha hutumwa. Anayekaa kimya miezi miwili kisha akasema "alikufa wakati ule wa ukame" hujiharibia jina hata kama anasema kweli. Kuuza au kuchinja bila ruhusa hakuna udhuru, isipokuwa ng'ombe amevunjika mguu au anakata roho, na hapo pia mashahidi huitwa kwanza.

Lakini ikiwa fisi amemla au maji yamemchukua, je, mfugaji alipe? Wazee wakikaa kulijadili, swali lao la kwanza ni hili: wa kwako walikuwa wapi siku hiyo? Kama walikuwa pamoja, wamechungwa na kijana yuleyule, basi msiba ni wa wote na hakuna deni. Kama wa kwako walichungwa na kijana mkubwa na wa ndugu yako ukawapa mtoto wa miaka sita, utalipa. Sijasoma sheria ya mkataba popote iliyosema jambo hili kwa ufupi na haki zaidi.

Ukiisha muda, na mambo yakiwa yamekwenda vizuri, mwenye ng'ombe hutoa shukrani. Hakuna kiwango kilichopangwa. Anaweza kutoa ndama dume, anaweza kutoa mtamba. Kwa Wamasai zawadi ya mfugo hubadilisha hata majina: aliyetoa ng'ombe na aliyepewa huacha kuitana kwa majina yao, huitana Pakiteng. Ikiwa zawadi ilikuwa kondoo, huitana Paker. Ikiwa mbuzi, Pakine. Utawasikia wazee wawili wenye mvi wakiitana Pakiteng kwa ajili ya ng'ombe aliyekufa zamani wangali vijana. Ndugu wa damu ni wa kuzaliwa naye. Huyu ni wa kuthibitishwa.

Wamasai hawako peke yao. Wagogo wa Dodoma wanalo jambo hili na huliita kukoza. Peter Rigby, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu ng'ombe na undugu wa Wagogo, alilieleza kwa kirefu. Nchini Rwanda kumpa mtu ng'ombe akufugie huitwa kuragiza. Wapokoti wa Kenya wana tilia, ambayo ni mapatano ya kubadilishana zaidi: mmoja hutoa maksai wa kuchinjwa, mwenzake humpa jike la kufuga. Na migombani huko Kilimanjaro, ambako ng'ombe hulishwa bandani, aliyefugia mwenzake alipata maziwa na pia samadi ya kihamba chake, ambayo kwa mtu wa migomba ni mali sawa na maziwa. Kila watu na mazingira yao, lakini tatizo lililowakabili ni moja.

Narudi kwa vijana wa mjini, kwa sababu nina neno nao. Desturi ilitungwa wakati anayeondoka na anayebaki walikuwa na umaskini sawa na gharama ilikuwa ni miguu na macho. Leo kufuga kuna bei. Chanjo ya ndigana kali, ile inayompa ndama vimelea hai pamoja na dawa ya kuvizuia visimshinde, imeokoa ndama wengi umasaini, lakini inalipiwa kwa kila ndama. Dawa ya kuogesha kupe inalipiwa, ya minyoo inalipiwa, na mwaka wa ukame hata majani makavu na pumba hununuliwa. Mlinzi wa Dar es Salaam anayetarajia kaka yake alipie vyote hivyo kwa sababu tu kaka huyo anakunywa maziwa, anadai zaidi ya haki yake. Ng'ombe wakati wa kiangazi hatoi maziwa ya kulipia chanjo. Nimeona ndugu wakivunjika kwa jambo hili, kila mmoja akijiona ndiye aliyeonewa, wakati kilichokosekana kilikuwa fedha kidogo iliyotumwa kwa simu kabla ya masika.

Kuna pia jambo ambalo desturi imelishindwa, nalo ni haki ya mwanamke. Mjane akirudi kwao kwa muda kuuguza mama yake, ng'ombe wa nyumba yake hubaki na shemeji zake. Kila mtu anajua ni wa nyumba yake. Lakini akirudi na kukuta wamepungua, swali la "wa kwako walikuwa wapi siku hiyo" mara nyingi haliulizwi kwa ajili yake, kwa kuwa yeye hana kauli kwenye kikao cha wazee mpaka awe na mtoto wa kiume mkubwa wa kumsemea. Binti aliyepewa ndama na baba yake, akaolewa mbali, hukuta vilevile uzao umegeuka mali ya kaka. Mashahidi wapo, rangi zinakumbukwa, nasaba inajulikana. Kinachokosekana ni ujasiri wa kusema. Wanaoisifu mila hii, nami nikiwamo, hatuna budi kulisema hili waziwazi, kwa sababu uaminifu unaoishia kwa wanaume haujawa uaminifu.

Sasa kuna daftari jipya. Tanzania ilitunga Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo mwaka 2010, na miaka ya karibuni ng'ombe wamekuwa wakivishwa hereni zenye namba inayoingizwa kwenye kumbukumbu kwa jina la mfugaji. Lengo ni jema: wizi wa mifugo ni mkubwa, magonjwa yanahitaji kufuatiliwa, na soko la nje linataka kujua nyama imetoka wapi. Waswahili walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini siku ya kuvisha hereni anayefika na kundi ni aliyeko bomani, na ni rahisi sana ng'ombe wote waandikwe kwa jina lake. Miaka kumi baadaye mzee huyo akifariki, wanawe waliosoma watashika karatasi, na karatasi itasema ng'ombe ni wa baba. Mlinzi wa Dar es Salaam atakuwa na mashahidi wawili wazee na nasaba ya ng'ombe mweusi mwenye doa usoni. Mbele ya hakimu asiyejua mila, tunajua kipi kitakuwa na uzito.

Hili linaweza kuzuiwa bila kubadili sheria wala mila. Afisa mifugo akifika bomani aulize swali ambalo kila mtoto wa pale anaweza kulijibu: huyu ni wa nani? Kisha aandike majina mawili, la mwenye ng'ombe na la anayemfuga, na la mwanamke liandikwe pale ng'ombe anapokuwa wa mwanamke. Na wewe uliyeko mjini na una jike kwa kaka yako au kwa mjomba wako, piga simu wiki hii. Uliza hereni imeandikwa jina la nani, uliza ndama wamechanjwa au bado, na utume fedha ya dawa kabla hujaombwa.